Kwa Nini Huyu Augue na Yule Asiugue?



Kuna jambo moja ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia. Nyumba mbili ziko jirani. Maji wanachota kisima kimoja. Mbu wanaowauma ni wale wale. Lakini mtoto wa nyumba hii kila mwezi yuko zahanati. Mtoto wa nyumba ile anakimbia na mpira wake wa matambara, hata kukohoa ni nadra.

Watu wakiona hivyo huanza kunong'ona. "Hapa kuna mkono wa mtu." Basi macho yote yanamgeukia bibi mmoja mzee, ambaye kosa lake ni kuwa na macho mekundu. Macho hayo yameharibiwa na moshi wa kuni alizopikia wajukuu miaka arobaini. Lakini nani anakumbuka hilo?

Sote tunajua maneno kama haya yanaweza kuishia wapi. Ukoo unagawanyika. Mzee anafukuzwa nyumbani kwake. Pengine hata damu inamwagika. Na mtoto je? Mtoto bado anaumwa.

Kwa hiyo leo tunataka tulieleze jambo hili polepole. Soma mwenyewe, kisha msomee na mwenzako.

ASKARI WA MWILI

Mwili wako ni kama kijiji chenye mgambo. Mgambo hao wamo ndani ya damu. Wataalamu wanawaita chembe nyeupe za damu. Ni wadogo sana, hatuwezi kuwaona kwa macho. Kazi yao ni kukamata vijidudu vinavyoleta magonjwa. Wengine humeza adui mzima mzima. Wengine hutengeneza silaha za kumpiga. Wengine humkumbuka adui, ili akirudi tena wamtambue upesi. Chanjo hufanya kazi kwa njia hii. Inawaonyesha askari sura ya adui kabla adui mwenyewe hajafika.

Askari mmoja akimwona adui, hupiga yowe. Yowe hilo si la sauti. Ni kemikali anayoimwaga ndani ya damu, na askari wengine wakiipata wanakuja mbio. Umewahi kuchomwa na mwiba shambani? Kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, kina joto, kinauma. Hiyo ni vita. Askari wameitika yowe.

Nguvu hii yote ya kujilinda tunaiita kinga ya mwili.

Sasa sikilizeni. Yowe likiwa dogo mno, adui anashinda. Lakini yowe likiwa kubwa mno, au likipigwa kila siku bila adui, hiyo nayo ni hatari. Mgambo wanaokesha wakipiga yowe bure huishia kuvunja nyumba za kijiji chao wenyewe. Vivyo hivyo mwilini. Vita vidogo visivyokwisha ndani ya mwili vinaandamana na magonjwa ya moyo na kisukari. Kwa hiyo kinga nzuri siyo ile kali tu. Ni ile inayojua wakati wa kupiga na wakati wa kunyamaza.

Je, askari wa watu wote wanalingana? Hawalingani. Huko Uholanzi wataalamu walichukua damu ya watu wapatao 500 wenye afya. Damu ile wakaichanganya na vijidudu vilivyokwisha kuuawa, kisha wakapima ukubwa wa yowe. Majibu yalitolewa mwaka 2016. Kumbe kijidudu ni kile kile, lakini damu ya huyu inapiga yowe kubwa, ya yule inanong'ona tu. Na wote ni wazima!

Sababu za tofauti hiyo ni nyingi. Umri ni sababu mojawapo. Hata majira ya mwaka yana sehemu yake. Lakini sisi leo tutaeleza sababu tatu: urithi, chakula, na vijidudu vinavyoishi tumboni.

SABABU YA KWANZA: URITHI

Mtoto hurithi pua ya baba au rangi ya mama. Vitu vinavyobeba urithi huo vinaitwa jeni. Kila mtoto hupata nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama. Kama tunavyorithi pua, ndivyo tunavyorithi namna ya kupambana na magonjwa.

Mfano mzuri uko hapa hapa kwetu. Ni selimundu. Katika ugonjwa huu chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, zinajikunja kama mundu. Ndiyo maana ukaitwa selimundu. Mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama pia, huugua sana. Viungo vinamuuma, damu inampungukia.

Lakini yupo mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu. Huyu kwa kawaida haugui selimundu. Tena ana bahati nyingine: malaria kali haimpati kwa urahisi. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza jambo hili baada ya kupima watu wa Kenya na Uganda. Aliona kwamba jeni hii imeenea pale malaria ilipoenea. Maana yake ni kwamba tangu zamani, wenye jeni moja waliokoka malaria, wakakua, wakazaa.

Umeona sasa? Watoto wawili wanaweza kuumwa na mbu mmoja, tena wakiwa ndugu wa tumbo moja. Mmoja akazidiwa na malaria, mwingine akapata homa ndogo tu. Hakuna aliyeloga. Ni urithi.

Lakini tusikosee. Mwenye jeni moja bado anaweza kupata malaria. Naye alale ndani ya chandarua. Na mtoto mwenye selimundu yenyewe hana kinga hiyo. Malaria kwake ni hatari kubwa, lazima awe chini ya uangalizi wa hospitali. Wazazi wawili wenye jeni moja moja wanaweza kumzaa mtoto wa namna hiyo. Katika kila mimba, uwezekano ni mmoja kati ya nne. Wala asilaumiwe mama peke yake, maana baba naye ametoa jeni yake.

Je, mambo yote ni urithi basi? Hapana. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walitoa habari za mapacha 210 waliowapima kinga zao. Miongoni mwao walikuwamo mapacha wanaofanana kabisa, wenye jeni zile zile. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya tofauti za kinga haikutokana na urithi. Ilitokana na maisha: magonjwa waliyopata, mahali walipoishi, na mengine kama hayo. Tena kadiri mapacha walivyozidi kuwa wazee, ndivyo kinga zao zilivyozidi kuachana.

Hiyo ni habari njema. Urithi hatuwezi kuubadili. Maisha tunaweza kuyabadili kidogo.

SABABU YA PILI: CHAKULA

Askari mwenye njaa hawezi kupigana. Hili hata asiyesoma analijua.

Ukila ugali na maharage, mwili hauvihifadhi hivyo hivyo kama gunia ghalani. Unavivunja vipande vidogo. Vingine unavichoma kupata nguvu na joto. Vingine unavijengea nyama, damu na hao askari wenyewe. Kazi yote hiyo wataalamu wanaiita umetaboli. Wewe ukitaka ifananishe na jiko. Kuni zikipungua, chakula hakiivi. Kuni zikizidi, chungu kinaungua na nyumba inajaa moshi.

Kwanza tuangalie upungufu. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha, au anayekula uji mtupu kila siku, askari wake ni dhaifu. Ugonjwa mdogo unamwangusha. Akiugua hataki kula, na asipokula anazidi kuugua. Upungufu wa vitamini A peke yake huwafanya watoto wazidiwe na surua na kuharisha. Ndiyo sababu watoto wadogo hupewa matone ya vitamini A. Vitamini hiyo imo pia katika mapapai, maembe, mboga za majani, mayai, na viazi vitamu vya rangi ya machungwa.

Sasa tuangalie kuzidi. Mtu mwenye kisukari ana sukari nyingi mno ndani ya damu. Ungedhani askari wake watanenepa kwa utamu huo. Sivyo! Wanalegea. Kidonda chake kinachelewa kupona. Tena hatari yake ya kuugua kifua kikuu ni mara mbili hadi tatu kuliko mtu asiye na kisukari. Na mafuta yanayojaa tumboni nayo hayakai kimya. Hupiga yale mayowe ya bure tuliyoyasema.

Kwa hiyo kitambi siyo dalili ya afya, ingawa zamani tulikiheshimu.

SABABU YA TATU: WAPANGAJI WA TUMBONI

Jambo hili litawashangaza baadhi yenu. Tumboni mwako, hasa katika utumbo mpana, mnaishi vijidudu vingi mno. Kwa hesabu ya wataalamu, idadi ya vijidudu vilivyomo mwilini inakaribia kulingana na chembe zote za mwili wako mwenyewe!

Usiogope. Siyo minyoo hiyo. Ni vidogo kuliko minyoo, na vingi vyake ni rafiki. Ni kama wapangaji. Tunawapa nyumba na chakula, nao wanalipa kodi.

Wanalipaje? Katika mboga, maharage, matunda na nafaka isiyokobolewa kuna nyuzinyuzi ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga. Wapangaji wetu wanaziweza. Wakizila, wanatoa asidi ambazo mwili unazitumia. Mojawapo ya asidi hizo ndiyo chakula kikuu cha ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ukishiba unakuwa imara, na vijidudu vibaya havipenyi ovyo. Pia asidi hizo huwatuliza askari wasipige yowe bila sababu.

Na tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya askari wa mwili wapo kwenye utumbo. Hapo ndipo wanapojifunza nani adui na nani jirani mwema. Wataalamu wamewahi kulea panya katika sanduku lisilo na kijidudu hata kimoja. Ungesema panya hao watakuwa na afya kuliko wote. Kumbe askari wao hawakukomaa. Walikosa mwalimu.

Mtoto anawapata wapi wapangaji hawa? Wengi anawapata kwa mama yake, wakati wa kuzaliwa na baadaye. Na hapa kuna jambo la ajabu. Ndani ya maziwa ya mama mna sukari za aina fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zimewekwa kwa nini basi? Ni chakula cha vijidudu vyema vilivyo tumboni mwake. Yaani mama akimnyonyesha mtoto, papo hapo anawalisha na wapangaji wa mtoto. Ndiyo maana tunasema: dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, msiyakamue na kuyamwaga. Yana askari wa mama ndani yake. Na kwa miezi sita ya kwanza mtoto anyonye tu, asipewe hata maji.

Wapangaji hawalingani kila mahali. Mwaka 2014 ilitangazwa habari ya Wahadzabe, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuchimba mizizi, kuokota ubuyu, kurina asali na kuwinda. Wataalamu walilinganisha vijidudu vya tumboni mwao na vya watu wa mjini huko Italia. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi. Shamba lenye mazao mengi ya namna mbalimbali haliangushwi na ugonjwa mmoja. Wataalamu wengi wanafikiri hata tumbo ni hivyo.

JARIBIO LILILOFANYWA KILIMANJARO

Je, mtu akibadili chakula, askari wake nao watabadilika? Wataalamu wa hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walilichunguza jambo hili.

Kwanza waliwapima watu 323 wenye afya mkoani Kilimanjaro, wa mjini na wa vijijini. Majibu yalitoka mwaka 2021. Damu ya watu wa mjini ilipiga mayowe makubwa zaidi. Damu ya watu wa vijijini ilikuwa na vitu vingi zaidi vinavyotokana na mimea, vya kutuliza askari.

Halafu wakafanya jaribio lenyewe, na majibu yake yalitoka mwaka 2025. Wanaume 77 walishiriki. Wanaume wa kijijini waliozoea ndizi, maharage, ulezi na mboga wakapewa chakula cha kizungu: vyakula vya viwandani, vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi. Wa mjini waliozoea vyakula hivyo wakapewa chakula cha asili. Walikula hivyo wiki mbili tu. Kundi jingine lilipewa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja.

Ikawaje? Wale wa kijijini waliokula kizungu, dalili za vita vya bure zilipanda ndani ya damu yao. Tena askari wao wakawa wazito kumpiga adui wa kweli. Wale wa mjini waliorudia chakula cha asili, na wale waliopewa mbege, vita vya bure vilipungua. Wiki nne baadaye, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana.

Wiki mbili tu, ndugu zangu!

Lakini tusome kwa makini. Jaribio hili lilikuwa la watu wachache, wanaume peke yao, na kwa muda mfupi. Halikusema mtu anywe mpaka alale mtaroni. Pombe inaleta madhara yake, na mama mjamzito asiguse kabisa. Wala halikusema chakula cha asili ni dawa ya ugonjwa. Lilichoonyesha ni kwamba kinachoingia chunguni kinawafikia hata askari wa damuni, tena upesi.

TUFANYE NINI BASI?

Tusione haya kula vyakula vyetu. Wapo watu wakipata fedha kidogo wanaona maharage, mlenda na mtama ni vya maskini. Wanauza mayai na kunde ili wanunue soda na mkate mweupe. Wanadhani ndiyo kuendelea. Kumbe wameuza askari wakanunua yowe.

Tuchanganye vyakula. Leo maharage, kesho kunde, keshokutwa dagaa na mchicha. Unga wa dona una nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe. Lakini mahindi yawe makavu na safi. Yenye ukungu yana sumu, tusiyale.

Tusinywe ovyo vile vidonge vya rangi mbili vya dukani. Dawa hizo zinaua vijidudu vibaya, lakini na wapangaji wema wanakufa pamoja nao. Mafua hayaponi kwa dawa hizo. Tuzitumie pale mganga wa zahanati anapotuandikia, na tumalize kama tulivyoambiwa.

Tuendelee kunawa mikono, kutumia choo na kuchemsha maji. Kuwa na vijidudu rafiki hakuna maana kwamba kipindupindu nacho kimekuwa rafiki.

Tuwapeleke watoto kupata chanjo. Askari hawalingani, kwa hiyo na chanjo hazifanyi kazi sawa kwa kila mtoto. Kwa mfano, chanjo ya kuharisha iitwayo rota, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2013, ina nguvu zaidi kwa watoto wa nchi tajiri kuliko wetu. Wataalamu wanafikiri lishe na vijidudu vya tumboni ni baadhi ya sababu. Hata hivyo imeokoa watoto wengi. Ngao yenye tundu ni bora kuliko kifua wazi.

Sasa turudi kwa yule mtoto anayeumwa kila mwezi. Kabla hujasema "kuna mkono wa mtu", jiulize. Amepimwa selimundu? Alinyonyeshwa vizuri? Anakula nini? Amepata chanjo zote? Ana minyoo? Chandarua chake kimetoboka? Mpeleke kituo cha afya uulize maswali hayo huko. Hayo ndiyo mambo ya kutafuta. Huwezi kuyapata kwa kutazama macho ya bibi.

Na huyo bibi, mwende mkamsalimie. Huenda yeye ndiye anayejua kupika mlenda, kuotesha ulezi na kutengeneza togwa, mambo ambayo vijana wameanza kuyasahau. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

TUJADILI KATIKA KIKUNDI CHETU

1. Watoto wawili wa nyumba moja wanaumwa na mbu mmoja. Kwa nini mmoja anaweza kuugua sana na mwingine kidogo?

2. Taja vyakula vitano vya kijiji chetu vinavyolisha wapangaji wa tumboni. Vipi kati ya hivyo tumeanza kuviacha? Kwa nini?

3. Jirani anasema mtoto wake amerogwa. Utamjibu nini bila kumvunjia heshima?